Kanga juu ya ubao: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Ni taka zilizobandikwa tu.” Wanaosema hivyo juu ya kolaji, sanaa ya kubandika kanga na vitu vikuukuu kwenye ubao, hawajatazama vitu vyenyewe. Zanzibar ya karne ya 19, nguo za watumwa zilikuwa merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kutoka Marekani, na kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi ya nili. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliingia kwenye kanga. Merikani ikikaa kando ya kanga kwenye ubao mmoja, suala la haki limeshatajwa.

“Sanaa hii ni ya Wazungu.” Lubaina Himid, aliyeshinda Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, alizaliwa Zanzibar 1954, na huchora kanga zenye maneno.

“Jina la kanga ni pambo, kata popote.” Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na macho ya Mzanzibari hukimbilia jina kwanza. Chukua “Hasidi hana sababu”. Mkasi ukipita baada ya neno la kwanza, ukutani kunabaki “hana sababu”, na anayesemwa hajulikani tena. Pengine ndilo ulilotaka. Basi iwe kwa kukusudia. Doti ina kanga mbili zenye jina moja: kata moja, nyingine ibaki nzima.

“Itie chumvi, haitachuja.” Chumvi haizuii. Fua kanga mpya mara mbili tatu mpaka maji yatoke safi, wanga nao utoke. Wanga ukibaki, gundi hushika wanga badala ya uzi, kingo huinuka, na masika yakiingia kuvu hupata chakula.

“Gundi nyingi ndiyo imara.” Gundi nzito hupenya pamba na kuacha mabaka yanayong’aa. Plaiwudi ya milimita 9 ipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pande zote mbili na kingoni. Ukipaka upande mmoja, mwingine hunywa unyevu na ubao hupinda. Ikikauka, paka mkono mwembamba wa gundi vipimo 3 kwa maji 1. Laza kanga, sukuma hewa kwa kiganja kutoka katikati, uache ubao umelala saa 24. Ukitaka kutia msumari wa jahazi kuukuu kwenye kazi, upakwe vanishi kabla ya kugusa kitambaa, la sivyo kutu itapenya.

Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hushika unyevu: weka vigingi nyuma ya ubao, hewa ipite.