Kuilipa Karakana Hakukuondolei Wajibu wa Ndege Yako

Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mmiliki wa kampuni changa ya ndege inayoomba AOC, yaani cheti cha kuendesha safari za ndege kibiashara: "Injinia, matengenezo tumeshayakabidhi kwa karakana iliyoidhinishwa. Wao wanasaini, sisi tunarusha." Aliyasema hayo kwa utulivu kabisa, na mkataba wake mezani. Kauli hii naisikia mara nyingi kuliko swali lolote la kiufundi, na kila anayeitoa ana ndege, ana abiria na ana marubani wanaomwamini. Imenichosha.

Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Sehemu ya 1, sura ya 8, hakiachi utata: anayewajibika kuhakikisha kwamba ndege iko katika hali ya kustahiki kuruka ni mwendeshaji. Kanuni zetu za Tanzania, za Kenya na za Uganda zimesimama juu ya msingi huo huo, na CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Entebbe, ipo, pamoja na mengine, ili kuzioanisha. Karakana unainunulia kazi. Unaweza kununua saa za mafundi, nafasi ndani ya hanga, vifaa, hata mtu wa kukufuatilia AD, yale maagizo ya lazima ya usalama yanayotolewa kwa aina ya ndege yako. Wajibu unabaki kwako hata ukilipa mara tatu.

Kinachowapoteza wengi ni sahihi ya fundi, kwa sababu wanaipa uzito ambao sheria haikuipa. Nikibadilisha jenereta ya kuwashia injini kwenye ndege yako ndogo ya Caravan kisha nikasaini kuirudisha ndege kazini, nimethibitisha mambo machache sana: kazi hii imefanywa kwa kufuata maelekezo halali, kipuri kina hati zake, aliyeifanya ana sifa, na kwa upande wa kazi hii ndege inaweza kuruka. Basi. Sikuthibitisha kwamba AD inayofika ukomo Ijumaa imetekelezwa. Sikuthibitisha kwamba saa ulizoniletea kwenye kitabu ni za kweli. Sikuthibitisha kwamba propela haijapitiliza muda wake wa kufanyiwa ukarabati mkubwa, isipokuwa agizo lako la kazi lilinitaka niangalie. Ndiyo, fundi mwenye dhamiri akiona ufa karibu na alipokuwa anafanya kazi hatafumba macho, atauandika. Lakini hakuna kanuni inayomfanya kuwa mlezi wa ndege nzima kwa kuwa tu ameshika spana.

Hata ndege ikilala hanga wiki mbili kwa ukaguzi mkubwa, hali ni ile ile. Kazi zilizofanyika zilitoka kwenye orodha, orodha ilitoka kwenye programu ya matengenezo, yaani mpango wa kazi zote na muda wa kila moja, na programu ile imeidhinishwa na mamlaka kwa jina la kampuni yako. Kama programu imeruka kitu, karakana itakiruka kwa uaminifu kabisa, na kila sahihi itakuwa halali.

Wanaodhani nabishana juu ya makaratasi wasome ripoti ya ValuJet 592. Tarehe 11 Mei 1996, DC-9 iliondoka Miami kwenda Atlanta ikaangukia kwenye vinamasi vya Everglades, watu 110 wakafa. Ndani ya shehena kulikuwa na vifaa vya kuzalisha oksijeni kwa kemikali, vilivyotolewa kwenye ndege nyingine na mkandarasi wa matengenezo, SabreTech. Kadi ya kazi ilitaka viwekewe vifuniko vya usalama. Havikuwekwa, na kadi ikasainiwa. Vikafungashwa, vikaandikiwa kuwa ni vitupu, vikapakiwa, na moto ukaanzia hapo. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilipotaja chanzo haikuishia kwa SabreTech. Ilitaja pia ValuJet yenyewe kwa kushindwa kusimamia ipasavyo matengenezo iliyoyakodi, na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwa kutotaka sehemu ile ya mizigo iwe na kinga ya moto. Mkataba ulikuwepo. Karakana ilikuwa na idhini. Wiki chache baadaye kampuni ililazimika kusimamisha safari zake.

Alaska Airlines 261 inanisumbua zaidi, kwa sababu humo tatizo lilikuwa limeidhinishwa. Januari 31, 2000, MD-83 ilitumbukia baharini karibu na California na watu 88. Nyuzi za nati inayobeba skrubu ya bawa la mkiani zilikuwa zimelika mpaka zikaisha, kwa sababu grisi haikutosha. Muda kati ya upakaji grisi mmoja na mwingine ulikuwa umerefushwa, muda wa kupima ulikaji nao umerefushwa, na FAA iliridhia yote mawili. NTSB ilivitaja virefusho hivyo miongoni mwa vilivyochangia. Kwa hiyo ukiniambia "lakini mamlaka imepitisha programu yetu", nitakuuliza nani ndani ya kampuni yako aliisoma kwanza.

MEL, orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu kwa muda, nitaigusa tu. Hitilafu ya daraja B ina siku tatu, C siku kumi, D siku 120, na siku ya kugundulika haihesabiwi. Hicho ni kikomo cha juu. Anayesubiri siku ya kumi ndipo aagize kipuri kutoka nje ameshapanga kuegesha ndege.

Sasa twende pwani yetu, ambako programu za kunakili huumbuka. Kitabu cha mtengenezaji kinaandikwa kwa ajili ya dunia nzima, kisha kinakupa vipengele vya mazingira yako, na vipengele hivyo ndivyo watu huvifuta wakati wa kuandaa programu. Dar kwenda Unguja ni dakika ishirini hivi. Ndege inayofanya kazi hiyo hukusanya mizunguko (kila kuruka na kutua ni mzunguko mmoja) haraka kuliko saa, na diski za turbini ya PT6, injini ya Caravan, hazijali saa, ukomo wake uko kwenye mizunguko. Miguu ya magurudumu vivyo hivyo. Aloha 243 ilifundisha jambo hili mwaka 1988 huko Hawaii: Boeing 737 iliyopasuka paa angani ilikuwa na saa 35,496 lakini mizunguko 89,680, katika hewa ya chumvi, kati ya visiwa vilivyokaribiana. Kabini ya Caravan haijazwi hewa ya shinikizo, kwa hiyo ngozi yake haichoki kwa namna ile. Ndege za ATR, zilizo kubwa zaidi, hujazwa, na zinaruka visiwani kila siku. Ongeza chumvi inayotaka kompresa ioshwe kwa maji safi mara kwa mara, na changarawe ya viwanja vya mbugani inayotafuna ncha za propela. Nikikuta programu ya mwendeshaji wa Zanzibar haina neno "chumvi", najua ilinakiliwa.

Juni 2025, Tume ya Ulaya ilipoyaweka mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, mitandaoni watu walisema ni kwa kuwa ndege zetu ni kuukuu. Hoja ya Tume ilikuwa upungufu wa usimamizi wa mamlaka. Kwa mwendeshaji hilo linauma zaidi, maana idhini aliyoegemea sasa haimlindi machoni mwa mteja wa nje, hata kama ndege ni mpya. Atakachoweza kuonyesha ni kumbukumbu zake mwenyewe.

Sasa shaka yangu. Tunadaiwa tuchambue takwimu za hitilafu ili kujua kama programu inafanya kazi. Kwa shirika lenye ndege mia, sawa. Kwa kampuni yenye Caravan tatu, hitilafu mbili za mwezi hazithibitishi chochote, na grafu ninayoipeleka mamlaka kila robo mwaka ina sura ya sayansi kuliko ilivyo na sayansi ndani yake. Nimewaomba waendeshaji wengine wa pwani tuunganishe taarifa zetu. Baadhi wamekubali, wengine wanaogopa mshindani ataona udhaifu wao. Pia sijui kama meneja wa matengenezo anayelipwa na mmiliki, katika kampuni ya watu kumi na watano, anaweza kweli kuegesha ndege Desemba, vyumba vya hoteli Unguja vimejaa. Kanuni inasema anaweza. Mimi huwataka wamiliki waliandike hilo kwenye barua yake ya ajira, kwa sahihi yao, na yule wa juzi bado hajanirudishia jibu.