Mashamba tisa, ubwiriunga sifuri

Msimu wa kupulizia salfa ukianza huku Mtwara, simu yangu hujaa picha za skrini kutoka kwa watu wenye data kidogo na maswali makubwa. Safari hii mmoja alikuja mwenyewe. Ni bwana shamba kijana wa upande wa Newala, aliyefika jioni na kompyuta mpakato kwapani na kuifungua kabla chai haijamiminwa.

"Shikamoo mwalimu. Programu imeharibika."

"Marahaba. Hebu tuone."

Alikuwa akitafuta kama mikorosho iliyopuliziwa mapema, maua yanapoanza tu kuchomoza, inapona ubwiriunga (ule ukungu mweupe wa mikorosho) kuliko iliyocheleweshwa. Kwenye regresheni ya lojistiki, yaani hesabu inayopima jinsi jambo fulani linavyopandisha au kushusha uwezekano wa jibu la ndiyo, kigezo cha "mapema" kilisomeka hasi 18 na ushei, kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka ya kadirio, likawa maelfu, na thamani ya p ikakaribia 1, jambo ambalo kwa kawaida husomwa kuwa athari haikuonekana. Aliyemsimamia alikuwa ameshamwambia akiondoe kigezo hicho, "kinaleta fujo". Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mno, na bado unanikera, maana kinachofutwa ndicho chenye habari kubwa kuliko vyote.

Data yake siitoi. Nimetunga namba za kufundishia zenye umbo lile lile. Mashamba ni 40. Tisa yalipuliziwa mapema, na hakuna hata moja lililopata ubwiriunga mkali. Kati ya 31 yaliyochelewa, 12 yalishikwa.

Tazama hiyo sifuri. Njia ya kawaida ya kukadiria hutafuta kigezo kinachofanya data tuliyoiona iwe na uwezekano mkubwa kuliko kigezo kingine chochote. Kwa mashamba tisa yasiyo na mgonjwa, hasi 5 inaafiki data kuliko hasi 3, hasi 10 kuliko hasi 5, na hivyo hivyo bila kikomo. Programu inateremka mlima usio na bonde, kisha inachoka na kusimama popote ilipofika. Ile hasi 18 haielezi salfa, inaeleza mahali programu ilipochokea. Wanatakwimu huita hali hii utengano. Na kwa kuwa kosa sanifu nalo limevimba, athari iliyo kubwa kuliko zote inatoka na thamani ya p kana kwamba haipo kabisa.

Utengano ni sura kali tu ya ugonjwa wa kawaida. Hata pasipo sifuri, data ikiwa chache vigezo vya lojistiki huelekea kuvutwa mbali na sifuri, yaani athari huonekana kubwa kuliko ilivyo. Upendeleo huu hupungua kadiri data inavyoongezeka. Ukiwa na mashamba elfu mbili na wagonjwa wa kutosha huuoni, lakini ukiwa na arobaini umekaa nao meza moja.

Zamani dawa ilikuwa kukadiria kwanza, halafu kukokotoa upendeleo na kuutoa. Kwetu hapa haifai, maana huwezi kutoa kitu kwenye kadirio lisilokuwepo. Mwaka 1993, kwenye jarida la Biometrika, David Firth aligeuza utaratibu: akarekebisha mlinganyo wenyewe kabla ya kukadiria, kwa kuongeza adhabu ndogo inayotokana na kiasi cha taarifa kilichomo kwenye data. Mwaka 2002 Georg Heinze na Michael Schemper walionyesha kuwa adhabu hiyo hiyo inatibu utengano, kwa sababu kadirio lake halikimbilii kusikojulikana.

Kwa jedwali letu la ndiyo na hapana, hesabu yake inaenea kwenye karatasi ya kufungia karanga: ongeza nusu kwenye kila chumba cha jedwali. Waliopulizia mapema wanakuwa 0.5 wagonjwa kwa 9.5 wazima, waliochelewa 12.5 kwa 19.5. Gawanya uwiano wa kwanza kwa wa pili, unapata kama 0.08. Kigezo ni logi asilia ya uwiano huo, yaani hasi 2.5, namba ambayo mtu anaweza kuisimamia mbele ya wakulima. (Vigezo vikiwa vingi hiyo nusu haigawanywi sawasawa, iachie programu. Kwenye R, programu ya takwimu, kuna vifurushi vya logistf na brglm2.)

Hapa ndipo kijana wangu alipotaka kufunga kompyuta, nikamzuia. Ukitengeneza mipaka ya asilimia 95, yaani eneo ambamo athari ya kweli inaaminika kuwemo, kwa njia ya mkato, kadirio kuongeza na kutoa kosa sanifu mara 1.96, mpaka wa juu wa uwiano unafika karibu 1.5, unapita 1 ambayo maana yake ni hakuna tofauti, na utasema salfa ya mapema haijathibitika. Ila njia hiyo inadhani mkunjo, ule unaoonyesha kila thamani ya kigezo inaafiki data kiasi gani, uko sawa pande zote mbili, na penye sifuri mkunjo umelalia upande mmoja. Ukifuata mkunjo wenyewe ulioadhibiwa, mpaka wa juu unaishia karibu 0.75, chini ya 1. Data ni ile ile, jibu ni jingine. Ukitumia Firth, tumia na mipaka yake.

Nayo ina gharama. Adhabu huvuta uwezekano uliobashiriwa kuelekea nusu. Jumlisha uwezekano wa mashamba yote 40 na utapata wagonjwa 12.56, wakati tulihesabu 12. Kwa anayetaka kupima athari ya salfa, hiyo si kitu. Anayetaka kubashiri ni mashamba mangapi yatashikwa mwakani, na ugonjwa wenyewe ni nadra, arekebishe kwanza kigezo cha mwanzo (namba ya msingi ya mlinganyo kabla ya kuingiza salfa) ili jumla zilingane.

"Kwa hiyo sasa naweza kuingiza na umri wa mikorosho, umbali wa barabara, elimu, ukubwa wa shamba?"

Kwa wagonjwa 12? Nilicheka, chai ikanipalia. Firth hapandi data. Wala hajui kwamba aliyepulizia mapema huenda ndiye mwenye mashine yake mwenyewe, aliyepalilia na kupogoa pia, huku jirani akisubiri mashine ya kuazima. Hilo la mashine nilimwambia aanze nalo, lakini kwanza aende akaulize nani alikuwa nayo. Kwenye dodoso lake hakukuwa na swali hilo. Aliliandika kwa kalamu nyuma ya karatasi, akamalizia chai, akawahi gari la mwisho.