Moyo wa daktari mtarajali unapokufa ganzi

Msimu mmoja wa karafuu, nikiwa daktari mtarajali Pemba, yaani nimemaliza chuo na niko kwenye mwaka wa mafunzo hospitalini, aliletwa kijana aliyeanguka mkarafuuni, nyonga imevunjika. Nilikuwa zamu tangu asubuhi ya jana yake. Mama yake akanishika mkono: "Mwanangu dokta, atapona?" Nikamjibu macho yangu yako kwenye faili: "Subiri nje." Sikuona huruma wala hasira. Nikaenda kunawa mikono, nikasimama mbele ya bomba maji yanamwagika, nimesahau nilichofuata pale.

Sasa ni daktari wa afya ya akili, Unguja. Watarajali wanaokuja kuniona huanza hivi: "Nimechoka tu, dokta." Nami huwauliza: ukipata siku mbili ukalala vya kutosha, unarudi wodini na moyo wako? Aliyechoka tu hurudi nao. Asiyerudi nao ameishiwa na kazi, hali ambayo kwa Kiingereza huitwa "burnout".

Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, aliigawa hali hii pande tatu, na kipimo alichokitoa na mwenzake mwaka 1981 kinatumika hadi leo. Nguvu zinakwisha. Unajiona hufai, kazi yako haina maana. Na mgonjwa anageuka kitu: haitwi tena Bi Fulani, anaitwa "kitanda namba saba" au "ile nyonga". Huu wa mwisho ndio ninaouogopa kuliko yote, maana hauumi. Mwenye mguu uliokufa ganzi hukanyaga kaa la moto asijue.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa huu si ugonjwa, ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Naling'ang'ania neno hilo "kazini", kwa sababu kwetu mtarajali akilalamika huambiwa avute subira, hata sisi tulipita humo humo. Subira naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini haimpi mtu usingizi. Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Hakuna mzazi hapa Zanzibar atakayekubali mwanawe ashonwe na mlevi.

Halafu mtarajali hana pa kusemea. Ana mwaka mmoja tu, anahamishwa idara hii hadi ile, kila akianza kuzoea anaanza upya, na anayempangia zamu ndiye atakayemsainia kitabu cha mafunzo. Atakataaje? Ramadhani daku anaila amesimama. Akirudi nyumbani, mtaa mzima unamjua: jirani anabisha hodi na mtoto mwenye homa, shangazi ametuma picha ya kidonda kwenye simu. Kuwakatalia ni aibu, basi anavaa tena viatu.

Kuna jambo moja nisiloliacha lipite. Ikiwa hata nyumbani, hata siku ya Idi, hakuna kinachokufurahisha, chakula hakipiti, usingizi haupo, au unawaza bora ufe, hiyo huenda ni sonona, na sonona ina matibabu. Usingoje umalize mwaka. Mwambie mtu leo hii, njoo leo hii.

Kwa wakuu wa idara, ninachokiomba hakihitaji jengo jipya. Aliyekesha akabidhi wagonjwa kwa maandishi, aondoke. Mgonjwa akifariki, aliyekuwa naye akalishwe chini dakika kumi, aulizwe kimetokea nini, kabla hajaitwa kitanda kingine. Na kwenye ripoti ya asubuhi, kabla hamjauliza wamelazwa wangapi, mwulizeni mtarajali alilala lini mara ya mwisho. Akisema usiku wa juzi, mchukulieni faili mkononi, mmpeleke nyumbani.