Guruguru hana sumu, wala si dawa

Guruguru ni mjusi wa ardhini mwenye miguu mifupi na magamba laini yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Familia yake, Scincidae, ina spishi zaidi ya 1,700, nyingi zikiwa za maeneo ya joto. Inauma kuona anavyouawa ovyo kwa tuhuma zisizo na msingi.

Tuhuma kubwa ni sumu, hasa kwa wale wenye mkia wa buluu. Ukweli ni kwamba guruguru hana meno ya sumu, na rangi ile ni chambo. Ndege akimvamia, huvutiwa na mkia na kukiacha kichwa. Mkia hukatikia kwenye ufa ulio tayari ndani ya pingili ya uti, ukabaki ukijinyonganyonga huku mwenyewe ameshapotelea chini ya jiwe. Watu husema hana hasara, utaota tena. Utaota, ndiyo, lakini bila mifupa: ndani mna mrija wa gegedu tu. Tena wengi huweka mafuta mkiani, kwa hiyo aliyeupoteza amepoteza akiba yake ya chakula.

Wapo pia guruguru wasio na miguu, nao huuawa wakidhaniwa nyoka. Tazama macho: spishi kadhaa za Acontias, jenasi ya guruguru wasio na miguu wa kusini mwa Afrika, wana kope na hufumba macho. Nyoka hawezi.

Eti mijusi wote hutaga? Guruguru wengi huzaa. Mwaka 2019 wanasayansi waliripoti jike la Saiphos equalis, guruguru wa Australia, lililotaga mayai matatu, kisha wiki kadhaa baadaye likazaa mtoto hai kutoka mimba ileile.

Dhana kongwe kuliko zote, kwamba ni dawa, imo ndani ya jina la familia yake. Mwanazoolojia Mwingereza John Edward Gray aliitambulisha familia ya Scincidae mwaka 1825, lakini chanzo ni neno la Kigiriki cha kale, skinkos, ambalo Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe, alimpa mjusi wa mchangani wa Afrika Kaskazini na Arabuni mwaka 1758. Mjusi huyo alikaushwa na kuuzwa kama dawa ya sumu na ya nguvu za kiume. Dioscorides, tabibu Mgiriki, alimtaja tangu karne ya 1. Hakuna ushahidi kwamba anatibu chochote. Uwezo wake uko kwingine: huzama mchangani, akabana miguu ubavuni na kusonga kwa kujipindapinda mwili mzima, jambo lililothibitishwa kwa picha za eksirei mwaka 2009.