Kabla ya kukaa kwenye kaunta walifanya mazoezi

Kila nikikutana na kikundi kipya cha vijana swali huwa ni lile lile, mwalimu tuanzie wapi? Mi nafundisha historia ya haki za raia hapa Marekani, na Jumamosi nakaa na watoto wa familia zetu zilizohamia huku, Wakongo, Warundi, Wakenya, wengi wao wameshaitwa majina shuleni ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wana hasira na wana haki ya kuwa nayo. Wanataka wafanye kitu leo leo. Mi nawapeleka kwanza Nashville, mji wa jimbo la Tennessee, mwaka 1959.

Wengi wanaijua habari ya mji wa Greensboro, North Carolina, wale wanafunzi wanne weusi walioingia duka la Woolworth tarehe 1 Februari 1960 wakakaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu na kugoma kuondoka. Nashville walikuwa wameshaanza kujiandaa kabla ya hapo. James Lawson, mwanafunzi wa theolojia aliyewahi kuishi India na kusoma mbinu za Gandhi za kupinga dhuluma bila kutumia nguvu, alikuwa anawakusanya vijana jioni kwenye chumba cha chini cha kanisa moja karibu na Fisk, chuo cha watu weusi. Walichokuwa wanafanya humo ni kuigiza. Wengine wanakaa kwenye viti kama wateja, wengine wanajifanya wale watakaokuja kuwashambulia, wanawatukana, wanawapulizia moshi wa sigara usoni, wanawavuta mpaka chini, halafu wanasimama wote wanaulizana umejisikiaje, ulitaka kurusha ngumi saa ngapi, kwanini. Kisha wanarudia tena na tena. Humo walikuwemo Diane Nash, msichana wa Chicago, na John Lewis ambaye alikuwa hata hajafika miaka 20.

Walikuwa pia na masharti yao yaliyoandikwa: ukipigwa usirudishe, ukitukanwa usitukane, kaa wima utazame kaunta, usiinuke mpaka kiongozi wako akuruhusu. Vijana wangu wakisikia hapo wananuna, wanaona ni unyonge. Basi nawasimulia tarehe 27 Februari, vijana wa kizungu wa mjini walivyowavamia wakawapiga na kuwachomea sigara mgongoni, polisi walipokuja wakawakamata waliopigwa, na kila kundi likitolewa kundi lingine linaingia linakaa kwenye viti vile vile. Waliokamatwa walikuwa karibu 80. Mahakama ikawatoza faini ya dola 50 kila mmoja, wengi wakakataa kulipa wakaenda jela. Huwezi kufanya hivyo kwa hasira peke yake, hasira ingewatoa kwenye kiti dakika ya kwanza.

Na hawakuwa peke yao, hapa ndo huwa nakaa sana. Miongoni mwa waliopigwa siku ile alikuwemo mwanafunzi mzungu aliyekuwa anasoma nao Fisk. Wazazi na majirani weusi wakagomea maduka ya mjini, nguo za Pasaka hazikununuliwa, na mwenye duka, hilo analielewa haraka kuliko hotuba yoyote. Aprili 19 nyumba ya wakili wao ikalipuliwa kwa bomu, watu kwa maelfu wakatembea kimya mpaka ofisi za jiji, na Diane Nash akamuuliza meya ana kwa ana kama ni sawa kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya akakubali kwamba sio sawa. Mei 10 kaunta zikaanza kufunguliwa kwa watu weusi.

Kuna kipande kinachowagusa sana wale Wakenya wangu. Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga alitembelea Atlanta, vijana wa harakati hizi hizi wakaenda hotelini kumsalimia, na walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa wakakataliwa. Wakakaa, wakakamatwa.

Kwahiyo siku ya kwanza hatuandiki mabango. Tunapanga viti, mmoja anaigiza yule anayetukana kwenye basi la shule, mmoja anatukanwa, na waliobaki wanakuwa abiria. Hao abiria ndo nawatazama zaidi, maana mara ya kwanza karibu wote wanaangalia dirishani. Tunarudia mpaka mmoja ainuke aende kukaa pembeni ya anayetukanwa.