Usambaaji wa gesi: kwa nini gesi nzito haibaki chini

Chukua chupa mbili, uziunganishe mdomo kwa mdomo. Ya chini ina hewa ya ukaa. Ya juu ina haidrojeni, ambayo ni nyepesi mara 22 kuliko mwenzake. Hakuna anayezitikisa, na joto ni lile lile kote. Wengi hudhani kila gesi itabaki mahali pake. La hasha: ukiziacha muda wa kutosha, chupa zote mbili zitakuwa na mchanganyiko ule ule. Huko ndiko kusambaa kwa gesi.

Molekuli za gesi, yaani chembe ndogo sana zinazoiunda, hazitulii. Za naitrojeni, katika joto la kawaida la Mwanza, hukimbia takriban mita 500 kwa sekunde, na ndani ya chombo cha mita chache uzito hauna nguvu ya kuzipanga juu na chini. Zikishachanganyika, hazijitengi tena. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko naitrojeni, lakini ukipima hewa pale ufukweni Kirumba, kisha juu ya kilima cha Bugando, utakuta oksijeni ni ile ile asilimia 21.

Mbona basi kuchanganyika huchukua muda? Kwa sababu ya kugongana. Kila molekuli hugongwa mara mabilioni kwa sekunde, ikawa kama mbeba mizigo katikati ya soko la Mwaloni asubuhi: miguu ina haraka, njia haipo. Katika hewa tulivu kabisa, kusambaa mita moja tu huweza kuchukua saa nyingi. Gesi nyepesi hutangulia. Thomas Graham, mkemia wa Scotland wa karne ya 19, alionyesha kwamba haidrojeni husambaa kwa kasi mara 4 ya oksijeni.

Jambo hili linagusa jikoni, na hapo naomba tuwe makini sana. Gesi ya kupikia, yaani propani na butani, ni nzito mara 1.5 hadi 2 kuliko hewa. Ikivuja humwagika kwa mkupuo na kutambaa sakafuni kabla haijapata nafasi ya kusambaa. Baadaye huenea chumba kizima, lakini kuenea si kuisha: chumba kikiwa kimefungwa, kiasi ni kile kile. Propani huwaka ikiwa takriban asilimia 2 hadi 10 ya hewa, kwa hiyo huko kuchanganyika ndiko kunakoiandaa kulipuka. Ukisikia harufu, funga mtungi kama unafikika salama, usiguse swichi ya taa wala kuwasha kiberiti, na ufungue mlango, si dirisha la juu peke yake, kwa kuwa gesi iliyo sakafuni hutoka nje kwa chini.