Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Hodari wa Kusimulia Hukwama Akipewa Insha?

Mwombe mtoto wa darasa la nne kule Mbagala akusimulie jinsi daladala ilivyokwama kwenye maji wakati wa masika, naye atakueleza mpaka rangi ya mwavuli wa abiria aliyetangulia kushuka. Mpe daftari, umwandikie ubaoni kichwa cha insha, “Siku ya Mvua Kubwa”, na baada ya dakika 20 huenda ukakuta mistari mitatu tu: mvua ilinyesha, gari likakwama, tukarudi nyumbani. Wengi wetu huona hapo uvivu au uhaba wa msamiati, ilhali msamiati huo huo ulikuwa ukimtoka mdomoni muda mfupi uliopita.

Anayesimulia ana msaidizi, naye ni msikilizaji. Ukisema jambo nusu, mwenzako anauliza, “Ehe, ikawaje?” nawe unalimalizia. Daftari haliulizi. Isitoshe, anayeandika hulazimika kutafuta la kusema, kulipanga, kuchagua maneno, kukumbuka tahajia na kuunda herufi, yote kwa wakati mmoja, wakati kumbukumbu ya muda mfupi hubeba mambo machache tu. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani Linda Flower na John Hayes, waliokuwa wakiwasikiliza waandishi wakifikiri kwa sauti huku wanaandika, walieleza kwamba kupanga, kuandika na kupitia upya havifuatani kama vituo vya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, bali huingiliana tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana mazoezi ya mwandiko katika madarasa ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) yana kazi kubwa kuliko unadhifu: mkono ukishazoea herufi, akili hupata nafasi ya kushughulikia wazo.

Kwa walio wakubwa kidogo, jambo ninaloliona muhimu kuliko yote ni mwalimu kuandika mbele ya wanafunzi wake, tena bila kuwa ameandaa insha pembeni. Anashika chaki na kuandika, “Mvua ilinyesha sana.” Anasimama, anajiuliza kwa sauti, “Sana kiasi gani? Mtu ambaye hakuwepo ataionaje?” Anafuta neno “sana” na kuandika, “Mvua ilinyesha mpaka mfereji wa nyumba yetu ukafurika na ndoo ya mama ikachukuliwa na maji.” Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa; insha ya mfano iliyokwisha kusafishwa humwonyesha mwanafunzi chombo kikielea, naye anachohitaji ni kukiona kikiundwa, pamoja na mbao zinazokatwa na kutupwa.

Zoezi jingine lenye tija ni kuunganisha sentensi, na Kiswahili kimejaliwa viungo vingi vya kazi hiyo. Waandikie wanafunzi: “Daladala ilisimama. Abiria walishuka. Mvua ilikuwa inanyesha.” Mmoja ataleta, “Daladala iliposimama, abiria walishuka huku mvua ikinyesha.” Mwingine atasema, “Mvua ilikuwa inanyesha daladala iliposimama na abiria wakashuka.” Wakibishana ni ipi inayomfanya msomaji alowe zaidi, wanajifunza kazi ya -po-, -ki- na -ka- ndani ya wazo lao wenyewe. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu wanafunzi kuanzia darasa la nne hadi mwisho wa sekondari, wakakuta kwamba kufundisha waziwazi mbinu za kupanga na kurekebisha kuliinua sana uandishi, na kuunganisha sentensi kulisaidia pia, ilhali masomo ya sarufi yaliyotengwa na uandishi hayakuuinua.

Kalamu nyekundu nayo itumike kwa kiasi. Daftari lenye masahihisho 30 humwambia mtoto kwamba ameshindwa, lakini halimwambii aanzie wapi. Mawili yanatosha, mradi apewe muda wa kuiandika upya insha hiyo hiyo.

Watu wazima wana njia yao. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mradi wa kisomo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ulikuwa tayari ukitumia vitabu vya kujifunzia vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi, kwa kuwa mtu mzima hujifunza haraka kile atakachokitumia kesho. Mama lishe wa Kariakoo anayetaka kuandika barua ya kuomba mkopo kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, yaani VICOBA, hana upungufu wa mawazo. Mkono wake ndio ulio mzito. Basi aanze kwa kuisema barua hiyo, mwenzake aandike anayoyasikia, kisha yeye ainakili mwenyewe na kuwasomea wanadarasa. Hapo msikilizaji anarudi mahali pake. Mmoja wao atauliza, “Lakini dada, hujasema unaomba shilingi ngapi, na utarejesha lini,” naye atachukua kalamu na kuongeza mstari uliokosekana.